Kung fu maana yake ufundi: maneno na mbinu za msingi za mapigano ya jadi ya Kichina

Mtaani kwetu utotoni, kila aliyeweza kurusha teke likafika usawa wa kichwa aliitwa mtu wa karate. Jioni tukitoka kwenye banda la video, uwanja mzima uligeuka ulingo: huyu stelingi, yule adui, na mlio wa kila ngumi tunautoa kwa mdomo. Hakuna aliyetuambia kwamba karate imetoka Okinawa, Japani, kwamba picha tuliyotoka kuitazama ilikuwa ya Kichina, wala kwamba neno kung fu lenyewe halina ngumi ndani yake.

Nilipoanza mazoezi ukubwani, maneno yalinisumbua kabla ya miguu. Mwalimu anasema quan, mwenzako anasema kuen, bango la ukutani limeandikwa wushu, na kila mtu ana maelezo yake ya qi. Makala haya ni ya yeyote aliyekwama hapo. Msimamo wangu nautaja mapema: karibu maneno yote haya ni maneno ya kazi, kama yale ya seremala au ya mvuvi, na yanaeleweka ukiyarudisha mwilini yalikotoka.

Tuchukue kung fu yenyewe. Kwa tahajia ya leo Wachina huandika gongfu. Herufi ya gong ina sehemu mbili, alama ya kazi upande mmoja na alama ya nguvu upande wa pili. Gongfu ni uwezo ambao mtu ameupata kwa kuufanyia kazi muda mrefu. Mpishi anayeuvuta unga uliokandwa mpaka ukawa tambi nyembamba kama nyuzi ana gongfu. Mwandishi wa herufi kwa brashi ana gongfu. Katika mikoa ya Fujian na Guangdong kuna chai inayoitwa gongfu cha, na sababu ya jina ni kwamba kuiandaa kunataka birika dogo, maji ya moto wa kiasi chake, na mkono uliozoea. Hapo mezani hakuna anayepigana.

Sisi tuna neno linalokaa palepale: ufundi. Na mlingano hauishii hapo. Mwalimu wa kung fu huitwa shifu, lakini sauti hiyo moja huandikwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni heshima anayopewa mtu wa kazi ya mikono: abiria humwita hivyo dereva wa teksi, mteja humwita hivyo mtengeneza mabomba, kama sisi tunavyosema "fundi, njoo uangalie hapa". Ya pili ina herufi ya baba ndani yake, na hiyo ni ya yule aliyekukubali kuwa mwanafunzi wake kwa ibada rasmi, baishi, ukamwinamia na kumpa chai. Tangu siku hiyo waliokutangulia wanakuwa kaka zako na dada zako, hata kama kwa umri wewe ndiye mkubwa. Anayehesabiwa ni aliyeingia mlangoni kwanza.

Wushu ni neno jingine. Wu ni mambo ya kivita, shu ni mbinu au sanaa. Walimu wengi hupenda kueleza kwamba herufi ya wu imeundwa na "kusimamisha" na "silaha ya mpini mrefu", kwa hiyo lengo la mapigano ni kuzuia mapigano. Usomaji huo ni wa kale sana na ni mzuri. Lakini ile sehemu ya "kusimamisha" asili yake ni mchoro wa unyayo, na wachunguzi wa herufi za kale wanaona pale mtu anayetembea na silaha begani, yaani askari akienda vitani. Mimi naamini hao wa pili wako sahihi kuhusu mchoro, na bado namwelewa mwalimu anayechagua kuwafundisha watoto ule wa kwanza.

Mwaka 1928 serikali iliyokuwa Nanjing ilifungua taasisi kuu ya kufundisha mapigano haya na ikayaita guoshu, sanaa ya taifa. Baada ya 1949 serikali mpya ya Beijing ilirudi kwenye wushu na kuyapangia viwango: miondoko ya aina moja, waamuzi, alama. Ndiyo maana leo ukisikia wushu kwenye habari za michezo, mara nyingi ni mashindano ya kuonesha, yenye kuruka, kujizungusha hewani na kutua bila kuyumba. Shirikisho lake la kimataifa lilianzishwa 1990, na mchezo huo umeingizwa katika ratiba ya Olimpiki za Vijana za Dakar, 2026. Kwa hiyo kung fu na wushu si maadui wala si mapacha. Neno moja linataja ufundi wa mtu, jingine linataja fani.

Quan ni ngumi. Likikaa mwishoni mwa jina, maana yake ni mtindo mzima wa kupigana: taijiquan, xingyiquan, hongquan. Baguazhang haina quan kwa sababu zhang ni kiganja, na watu wa mtindo huo hutembea kwa kuzunguka duara huku viganja vikiwa wazi, wakibadili mwelekeo ghafla.

Hapa ndipo tahajia inapowapoteza watu wengi. Kichina cha Beijing na Kikantoni cha kusini husoma herufi ileile kwa sauti tofauti, na Wazungu wa karne ya 19 waliandika walivyosikia wao. Shifu kwa Kikantoni ni sifu. Quan ni kuen. Mtindo ambao kaskazini huitwa Yongchun ndio ule Wing Chun ambao Ip Man, aliyefariki 1972, aliufundisha Hong Kong, na ambao Bruce Lee alianzia kwake. Katika tahajia ya sasa, q hutamkwa karibu na ch yetu, x karibu na sh, zh karibu na j. Ukikumbuka hizo tatu tu, nusu ya ukungu imeondoka.

Kosa moja la tahajia nalitolea sauti kubwa kwa sababu limezaa vitabu vizima vya upotoshaji. Chi ya "tai chi" siyo ile chi inayotajwa kuwa nguvu ya ndani. Jina kamili ni taiji, na ji hiyo ni ukomo, upeo, kama boriti ya juu kabisa ya paa. Taiji ni "upeo mkuu", neno la falsafa kuhusu hali ambamo yin na yang, pande mbili zinazokamilishana, zinazaliwa. Pumzi na nguvu ya uhai ni qi, herufi nyingine kabisa. Zilifanana machoni mwa wageni kwa sababu ya tahajia ya zamani.

Sasa mazoezi yenyewe. Kuna msemo ambao kila mwalimu wa jadi anao: ukifanya mazoezi ya quan bila mazoezi ya gong, uzee utakukuta mikono mitupu. Msemo huu unatenganisha mambo ambayo mtazamaji huyaona kama kitu kimoja. Gong ni kuujenga mwili: kusimama, kunyoosha, kupumua, kupiga mfuko, kubeba. Taolu ni mfululizo wa miondoko iliyopangwa, ule unaooneshwa jukwaani. Halafu kuna yong, matumizi, yaani mwenzako yupo mbele yako na hataki kukubali. Mtu anaweza kuwa na taolu nzuri mno na gong haba. Anaweza kuwa na gong ya kutisha na hajawahi kupigwa ngumi ya kweli hata moja. Ugomvi mwingi kuhusu kung fu ni wa watu wanaozungumzia vitu tofauti kati ya hivi vitatu bila kujua.

Gong huanza na miguu. Neno ni bu, hatua au mkao, na mkao wa kwanza kwa karibu kila mtu ni mabu, mkao wa farasi. Simama nikuoneshe. Weka miguu sambamba, umbali kati yake uwe kama urefu wa nyayo zako tatu. Vidole vya miguu vitazame mbele. Shuka chini kana kwamba kuna kigoda nyuma yako, mapaja yakaribie kulala sawa na sakafu, mgongo ubaki wima, mkia wa uti usibinukie nyuma. Mikono ikunje ngumi kiunoni. Pumua kawaida.

Sekunde 20 za kwanza ni rahisi. Kisha mapaja yanaanza kuwaka moto, halafu kutetemeka, halafu mabega yanapanda yenyewe bila kuombwa, kama vile yanataka kukusaidia kubeba mzigo usiokuwa wao. Hapo ndipo somo lilipo. Unapoyashusha mabega huku mapaja yanaungua, umeanza kujifunza song, neno jingine la msingi, maana yake kulegea. Song siyo kulegea kwa mtu aliyelala. Ni kuondoa kila mkazo usiohitajika na kubakiza ule unaobeba mwili tu. Wachina huita uvumilivu wa namna hii chi ku, kula uchungu, na msemaji wa Kiswahili hashangai, maana sisi nasi tunakula hasara na tunakula kiapo.

Neno la tahadhari kuhusu magoti. Mwalimu wangu wa kwanza, ambaye simtaji, alipenda kutushindanisha nani atashuka chini zaidi. Tulishuka, magoti yakaingia ndani, na hakuna aliyesahihishwa. Kwa miezi mitatu nilipanda ngazi huku nimeshika ukuta. Goti lazima lifuate uelekeo wa vidole vya mguu huohuo, lisikunjamane kuelekea goti jingine. Kama huwezi kulishika hapo, panda juu kidogo. Mabu ya juu iliyo sawa inajenga. Mabu ya chini iliyopinda inaharibu, na goti halina spea.

Mikao mingine minne hukamilisha ile mitano ya kawaida. Gongbu ni mkao wa upinde: mguu wa mbele umekunjwa, wa nyuma umenyooka na unasukuma ardhi. Xubu ni mkao mtupu, uzito wote nyuma, mguu wa mbele ukigusa chini kwa ncha tu, tayari kupiga teke bila kutoa taarifa. Pubu ni kuchuchumaa kwa mguu mmoja huku mwingine umelazwa pembeni, na xiebu ni kukaa juu ya miguu iliyopishana. Kwenye picha, mikao hii inaonekana kama sanamu. Kwa kweli ni vituo vya basi: mpiganaji hupita hapo, hakai hapo. Unakaa wakati wa mazoezi ili mguu ukumbuke njia ukiwa na haraka.

Pia kuna zhan zhuang, kusimama kama mti uliochimbiwa ardhini, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo na mikono imezunguka mbele ya kifua kama umekumbatia mtungi. Dakika 5 kwa mwanzo, baadaye 20, baadaye zaidi. Watu wa yiquan, mtindo uliotokana na xingyiquan, wanalipenda zoezi hili kupita mengine yote, na mimi naliona ndilo zoezi lenye faida kubwa na watazamaji wachache kuliko yote.

Kutoka miguuni tunapanda kwenye neno ambalo kwangu ndilo kiini cha fani nzima: jin. Wachina wana li, nguvu ya kawaida ya misuli, ile anayozaliwa nayo mtu na anayoonesha akinyanyua gunia. Jin ni nguvu iliyofundishwa, iliyopewa njia. Maandiko ya kale ya taijiquan yanaielekeza njia hiyo kwa uwazi: mzizi uko kwenye unyayo, inatoka kupitia mguu, kiuno kinaiongoza, inaonekana kwenye vidole.

Ukitaka kuiona, mtazame mama aliyezoea kutwanga, kisha mtazame mtoto anayejaribu mchi kwa mara ya kwanza. Mtoto anatwanga kwa mikono. Anaukaba mchi, anaupandisha kwa mabega, anausukuma chini, na baada ya mapigo kumi amechoka. Mama anakanyaga, nyonga inafunguka, mgongo unafuata, na mchi unaposhuka viganja vyake karibu vimeuacha. Vinakaza wakati mmoja tu, mchi unapokutana na nafaka, kisha vinalegea tena. Kulegea, kukaza kwa nukta moja, kulegea. Hiyo ndiyo fajin, kuitoa jin. Ngumi ya kung fu iliyo sahihi hufuata mpangilio huohuo: kisigino cha nyuma kinasukuma, goti linanyooka, nyonga inageuka, mabega yanavutwa, na ngumi inaondoka mwisho kabisa. Mwanafunzi mpya hufanya kinyume. Ngumi inatangulia na mwili unabaki nyuma ukitazama.

Ikiwa mpangilio huo umekomaa, nafasi ya kuvuta mkono nyuma inaweza kupunguzwa mpaka karibu iishe. Ngumi ya umbali mfupi ambayo Bruce Lee aliionesha Long Beach, Marekani, mwaka 1964 ilitokana na jambo hili. Wing Chun wanaiita nguvu ya inchi moja. Anayetazama mkono anaona muujiza. Anayetazama goti na nyonga anaona kazi.

Kipimo cha kama mwili unafanya kazi pamoja kina jina: liuhe, miungano sita. Mitatu ni ya nje: kiganja na unyayo, kiwiko na goti, bega na nyonga, kila jozi ianze pamoja na ifike pamoja. Mitatu ni ya ndani: moyo na nia, nia na qi, qi na nguvu. Mwalimu akikuambia kiwiko chako "kimeachana na goti", anasema una mwili wa watu wawili.

Basi tufike kwenye qi, ambayo nimeichelewesha makusudi. Kwa Kichina cha kila siku, qi ni hewa, pumzi, mvuke, hata hasira. Kuishiwa pumzi, hali ya hewa, kukasirika, yote hutumia herufi hiyo. Katika tiba ya jadi ni nguvu inayozunguka mwilini. Kwenye mazoezi, mwalimu akisema "shusha qi kwenye dantian", dantian ikiwa ni eneo lililo karibu upana wa vidole vinne chini ya kitovu, anakuelekeza kufanya jambo la wazi: pumua kwa tumbo badala ya kifua, legeza mabega, uzito ushuke. Akisema qi yako imepanda juu, maana yake umekaza kifua na unapumua kama mtu aliyeogopa. Ukiitumia qi kama lugha ya kuuelekeza mwili kutoka ndani, ina faida kubwa, kwa sababu huwezi kumwambia mtu "legeza msuli fulani wa ndani ya nyonga" naye akaweza.

Shida huanza pale inapogeuzwa ngao. Mwaka 1900, wanachama wa Yihetuan kaskazini mwa Uchina, vijana wa vijijini wenye hasira ya haki dhidi ya uvamizi wa mataifa ya nje, walifanya ibada za ngumi na pumzi wakaamini risasi hazitawaingia. Risasi ziliwaingia. Sina moyo wa kuwacheka watu hao, ila nikisikia mtu leo akidai kumwangusha mwenzake kwa qi bila kumgusa, nawakumbuka. Anayefundisha hivyo anawadhulumu wanafunzi wake.

Turudi kwenye mwenzako anayekataa kuanguka. Mbinu za kupigana hugawanywa kwa maneno manne ya Kichina: ti, da, shuai, "na". Ti ni mateke. Da ni mapigo ya mkono, na hapa kiganja na kiwiko vina cheo sawa na ngumi. Shuai ni kubwaga. Sisi tuna maneno tayari, mweleka, ngwala, na ule mtama tuliopigana uwanjani bila mwalimu. Shuaijiao, mieleka ya Kichina yenye koti la kushikia, ni fani kamili inayosimama peke yake. Neno la nne, "na", ni kukamata: kukunja kifundo, kukwamisha kiwiko, kumfanya mtu afuate maumivu ya kidole chake kimoja. Jina refu la mbinu hizi ni qinna.

Manne haya huchanganyika ndani ya mwondoko mmoja, na ndiyo siri ya taolu. Kuna mwondoko wa taijiquan unaoitwa kutenganisha manyoya ya shingo ya farasi mwitu. Ukiutazama kwa mbali ni mtu anayefungua mikono taratibu, mmoja juu mmoja chini, huku akipiga hatua mbele. Ukiwa na mwenzako: mkono wa chini umeushika mkono wake aliorusha ngumi, mguu wako umeingia nyuma ya mguu wake, mkono wa juu umepita chini ya kwapa lake, na kiuno chako kinapogeuka anaangukia nyuma juu ya paja lako. Ni mtama wa kinyume, umefungwa ndani ya jina la kishairi. Majina hayo yalikuwa njia ya kukumbuka, kama beti za shairi linaloghanwa.

Kwamba taolu ni mafunzo na haijawahi kuwa pambano lenyewe, hilo halikugunduliwa jana. Katika karne ya 16 jenerali Qi Jiguang, aliyepambana na maharamia kwenye pwani ya Uchina, aliandika mwongozo wa kufundisha askari wake na ndani yake akaweka mikao 32 ya ngumi tupu. Alisema wazi kwamba ngumi hazina kazi kubwa kwenye vita vya majeshi, ila huzoesha viungo na ni mlango wa anayeanza. Mkao wake wa kwanza, wa mtu anayepachika vazi lake kiunoni bila haraka, bado upo kwa jina hilohilo katika taijiquan ya ukoo wa Chen, kijiji cha Chenjiagou, Henan.

Aprili 2017, mjini Chengdu, mpiganaji wa ulingoni Xu Xiaodong alikutana na mwalimu mmoja wa taiji. Pambano halikufika nusu dakika, mwalimu akawa chini. Video ilizunguka dunia na watu wakatangaza kifo cha kung fu. Mimi naiona kwa namna nyingine. Mtu aliyefanya taolu na labda gong alikutana na mtu wa yong, aliyepigwa na kupiga kila wiki kwa miaka. Uchina yenyewe inajua dawa: kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 ilijenga mchezo wa sanda, pambano huru lenye glavu, juu ya jukwaa lililoinuka, ambapo mateke, ngumi na kubwaga vyote vina alama. Bingwa wa sanda ana ti, da na shuai za kweli. Ile "na" ya kukamata ndiyo imebaki nje, na mikao ya chini pia, na hiyo ni hasara ndogo kwa anayetaka kujua kama mbinu yake inafanya kazi.

Kuhusu makundi nitapita haraka, maana yanazungumzwa kupita uzito wake. "Ngumi za kusini, miguu ya kaskazini" ni msemo wenye ukweli wa jumla: mitindo ya Guangdong na Fujian husimama karibu na hutumia mikono zaidi, ya kaskazini hutembea sana na hurusha mateke. Lakini kaskazini kuna ngumi na kusini kuna mateke. Neijia na waijia, mitindo ya ndani na ya nje, ni mgawanyo wenye kisa kirefu zaidi. Mwaka 1669 msomi Huang Zongxi aliandika maneno ya kaburi la mpiganaji Wang Zhengnan, akaitofautisha "ndani" yake na Shaolin ya "nje". Mapema karne ya 20 Sun Lutang, aliyebobea katika taiji, xingyi na bagua, aliziunganisha tatu hizo, na ndipo orodha tunayoijua ikakomaa. Mtu wa Shaolin aliyefanya kazi miaka 30 ana ulaini ndani yake. Mtu wa taiji asiyeweza kupiga kwa nguvu hajamaliza somo. Na kuhusu Shaolin, ile hadithi ya mtawa Bodhidharma kuleta mapigano kutoka India inaonekana kwenye maandishi ya karne ya 17, zaidi ya miaka 1,000 baada ya zama zake. Kilicho imara zaidi ni kwamba enzi ya nasaba ya Ming watawa wa hekalu la Shaolin walisifika kwa fimbo.

Silaha nne za msingi tuna majina yake tayari: gun ni fimbo ndefu, dao ni kitara, qiang ni mkuki, jian ni upanga ulionyooka wenye makali pande zote mbili. Msemo unasema fimbo mwezi, kitara mwaka, mkuki maisha yote.

Nimebakiza zoezi moja kwa sababu ndilo ninalolipenda, na kwa sababu gong, taolu na yong hukutana humo. Linaitwa tuishou, mikono inayosukumana. Watu wa Wing Chun wana ndugu yake, chi sao, mikono inayonata. Watu wawili wanasimama wakitazamana, mguu mmoja mbele, vifundo vya mikono vimegusana, wanazunguka. Hakuna kuachana na hakuna kubanana. Kazi ni ting jin, kuisikiliza jin, yaani kujua kwa ngozi mwenzako anakusudia nini kabla hajafanya. Ile peng inayotajwa kwanza katika nguvu nane za taiji inahisiwa hapa: mkono laini usiobonyea, na wazee wa fani waliifananisha na maji yanayobeba mashua. Hapa pia ndipo msemo maarufu wa liang nne kuzungusha jin elfu unapopata maana. Jin hii ni ya mizani, herufi nyingine tena, na kwa vipimo vya leo ni gramu 200 dhidi ya kilo 500. Humzuii mwenye nguvu. Unamwongezea kidogo pale anakokwenda.

Kuna mama mmoja wa umri wa kunizaa ambaye tulikuwa tunafanya naye tuishou ufukweni alfajiri. Shikamoo, marahaba, tunavua viatu, tunagusana mikono. Kwa miezi mingi kila nilipotaka kumsukuma, pale nilipodhani kifua chake kipo palikuwa hewa tupu, nami tayari nimekanyaga mbele hatua mbili kwenye mchanga. Hakuwa na haraka wala hakutumia nguvu. Bega langu ndilo lililomwambia. Lilikuwa linakaza kabla ya mkono, kila mara, sawasawa na siku ile ya kwanza kwenye mabu.

Asubuhi moja mkono wake uliegemea wangu, mzito kiasi cha kanga iliyolowa, nikasikia unyayo wake wa kushoto ukianza kusukuma mchanga. Nilisikia unyayo kupitia kifundo cha mkono. Nikageuza kiuno kidogo tu, naye akapiga hatua pembeni. Akanitazama, akarudisha mguu mahali pake, akanyoosha tena mkono tuendelee.